Sura ya Tisa: D Haiguswi

Laptopu ilinuka dagaa. Sitanii. Nilipoifunua mezani kwangu, Shinyanga mjini, mende mdogo alitoka katikati ya vibonye, akazungukazunguka kama mwenye nyumba, kisha akarudi alikotoka. Skrini ilikuwa imegandwa na mafuta ya vidole. Mbele yangu alikaa aliyeileta kwa agizo langu, Bosi Gregory, mwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimba dhahabu, kule Masumbwe, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Kila alichokitoa alikiangalia kwanza, halafu akakila tena. Nimeona maiti za kila namna katika kazi hii na sijawahi kutapika, lakini asubuhi ile nilikaribia.

"Hii ndiyo aliyokuwa anaitumia Davis?" nilimuuliza.

"Ndiyo yenyewe, Afande Mageni. Mali ya ofisi."

"Mara ya mwisho iliwashwa lini?"

"Haijawashwa tangu duara liporomoke. Ilirukiwa na maji. Nikaizika kwenye mchele, nikaifungia kabatini."

"Ufunguo wa kabati anao nani?"

"Mimi peke yangu. Hakuna mwingine aliyeigusa, naapa kwa jina la mama yangu."

"Mwache mama yako apumzike. Ramani za duara ziko wapi?"

Gregory alicheka kidogo. "Ramani gani, Afande? Yule kijana alikuwa anapima kwa macho. Ndiyo maana ameniulia watu wangu." Akatoa kitambaa, akajifuta macho yaliyokuwa makavu kama mtama ghalani.

Watu wake! Ukuta wa duara lake ulikuwa umepasuka, maji yaliyokaa miaka chungu nzima kwenye duara la zamani la jirani yakamiminika ndani, na wachimbaji watatu wakafia humo. Gregory aliandikisha maelezo kwamba mpimaji wake, Davis, alimhakikishia ukuta ule ni salama. Davis alikamatwa siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda Masumbwe kumsikiliza, maana mashauri yote ya ukanda huu yenye kompyuta ndani yake wananitupia mimi, yawe ya Shinyanga, yawe ya Geita. Nilimkuta kijana amekonda, nguo zake bado zina tope jekundu la duara.

"Nilimkatalia, Afande," aliniambia. "Nilichora ramani, nikapiga na video palepale ukutani, nikimwonyesha maji yanavyovuja. Simu yangu ilizama siku ile. Lakini nakala iko kwenye laptopu. Ukiiwasha haitaingia moja kwa moja, itakuuliza uingie upande gani. Juu kuna Linux, mfumo ninaoutumia mimi, huko ndiko kazi zangu. Chini ni Windows, ya Bosi, anaangalizia muvi. Nilimwambia ya juu asiiguse."

Basi mambo yalikuwa wazi. Kesho asubuhi Davis angepanda kizimbani kusomewa shitaka la kuua bila kukusudia watu watatu. Nikiipata ile video, kesi inageuka. Nisipoipata, Davis anaozea ndani, na Gregory anarudi Masumbwe kuwashusha watoto wa watu kwenye shimo lile lile.

Sikugusa kibonye hata kimoja kwanza. Nilifungua tumbo la laptopu mbele ya macho yake, nikatoa diski, nikaipiga nakala nzima, kisha diski yenyewe nikaitia kwenye mfuko wa ushahidi na kuipiga lakiri. Gregory akasaini juu ya mfuko. Kalamu niliyompa ilirudi inanata, nikaitupa kwenye pipa. Nakala ndiyo niliyoirudisha ndani ya mashine. Hapo ndipo nilipoiwasha.

Haikuniuliza kitu. Iliingia Windows moja kwa moja, tena Windows mpya kabisa, safi kama sahani ya bi harusi. Hapakuwa na muvi hata moja wala faili la ofisi. Katikati ya skrini palikuwa na tangazo, herufi nyekundu juu ya manjano: DOTO KOMPYUTA, TINDE, TUNAPIGA WINDO, TUNAWEKA NYIMBO, na namba ya simu chini yake. Nilifungua sehemu inayoonyesha jina la mashine. Jina lilikuwa DOTO-TINDE.

Mafundi wetu ndivyo walivyo. Kompyuta ikiwa nzito, wanapiga windo, yaani wanafuta Windows ya zamani na kuweka mpya. Spika isipolia, wanapiga windo. Hata ikiishiwa chaji, yuko atakayekuambia, "Lete hiyo, nikupigie windo." Na akishapiga lazima aache jina lake, kama vile sisi Wasukuma tunavyopiga ng'ombe chapa. Nikaangalia windo ile ilipigwa lini. Ilikuwa siku aliyozikwa Masalu, mmoja wa wale watatu, baada ya duara kuporomoka. Kumbe laptopu iliyolala kwenye mchele ilikuwa inatembea!

"Bosi," nilimwambia, "Tinde una ndugu?"

Njiti ikasimama kati ya meno. "Tinde? Napita tu nikija huku."

"Haya. Nenda kapumzike hotelini. Ila usitoke mjini."

Aliondoka akaacha njiti yake mezani kwangu. Nikaiondoa kwa karatasi, nikanawa mikono kwa sabuni hadi ngozi ikawasha.

Nikarudi kwenye mashine. Laptopu za siku hizi zina mipangilio yake ya ndani, inayoamka kabla ya Windows na kabla ya kitu kingine chochote. Humo ndimo inamoandikwa orodha ya nani aamshwe kwanza. Nikaingia humo nikitegemea kuwakuta wawili. Nilimkuta mmoja tu, Windows. Linux haikuwepo, wala alama kwamba iliwahi kuwepo.

Nina flashi yangu ya kazi hizi. Ndani yake kuna kiprogramu kidogo, nakiita bawabu: unaiwasha laptopu kwa flashi, bawabu anapita kwenye diski yote, akikuta mfumo wowote umelala anakuwekea picha yake kwenye skrini, wewe unachagua. Nikaichomeka. Mashine ikakataa, ikasema haimruhusu mgeni asiye na muhuri. Huo ni ulinzi wa kiwandani, na mwenye mashine ana haki ya kuuzima. Nikauzima, nikawasha tena. Safari hii bawabu alikubali kuamka. Akatafuta, akatafuta, akaniletea picha moja. Dirisha la Windows. Basi.

Nikapiga meza kwa kiganja, nikatukana kwa Kisukuma, tusi ambalo mama yangu angelisikia angenichapa na uzee wangu huu.

Simu ikaita. Gregory.

"Vipi, Afande? Mmeona sasa kwamba hamna kitu humo?"

"Nani amekuambia hamna kitu?"

"Aah, mimi nahisi tu."

"Unahisi vizuri sana," nilimjibu, nikakata. Mtu ameleta laptopu anayosema ni mali ya ofisi, kila faili limetoweka, na wala haulizi yamekwenda wapi. Nilichukua laptopu, flashi, na kompyuta yangu mwenyewe, nikapanda gari la polisi, nikamwambia dereva twende Tinde.

Doto sikumtafuta, maana maspika yake yalikuwa yanasikika tangu barabarani. Kibanda cha mabati, kava za simu zimening'inia mlango mzima, na yeye mwenyewe amekaa ndani na kofia ya sufu katika joto lile. Aliponiona na kitambulisho changu alizima muziki.

"Afande, mimi siuzi simu za wizi."

"Sijaja kwa simu. Unaikumbuka hii?"

Aliinama, akanusa kabla hata hajaangalia. "Ile yenye mende! Niliipulizia dawa, Afande, wakatoka wanne. Kumbe wapo na wengine?"

"Nani aliileta?"

"Mama Masalu."

Nilidhani sijasikia sawasawa. "Mama Masalu yupi?"

"Si Mbuke, mama wa yule kijana aliyefia kwenye duara kule Masumbwe. Alikuwa anapika kambini kule kule. Aliileta siku ya mazishi, hata maturubai hayajashushwa. Mimi mwenyewe nilishangaa."

Nilimfahamu Mbuke. Siku niliyokwenda Masumbwe alikuwa amekaa chini nje ya kituo, anamlaani Davis kwa sauti, anaomba wampe yeye amnyonge kwa mikono yake. Je, mama huyu alikuwa anamlilia mwanawe mchana na kufuta ushahidi jioni?

"Alikuambia ufanye nini? Neno kwa neno, Doto."

"Alisema, 'Nimeambiwa upige windo, ndipo picha za mwanangu zitoke.' Nikamwambia, mama, windo haitoi picha, windo inafuta. Akaanza kulia pale pale ulipokaa. Akasema, 'Basi piga kama walivyoagiza, lakini picha za mwanangu usizifute.'"

"Akina nani walioagiza?"

"Hilo sikuuliza. Mtu wa msiba unamhoji?"

"Ukafanyaje?"

Doto alivua kofia, kama mtu anayetaka kula kiapo. "Nikafanya kama kawaida. C inafutwa, D haiguswi. Hiyo ndiyo sheria yetu mafundi. C ni kipande cha diski cha Windows, piga ua. D ni ya mteja, humo kuna picha za harusi, za watoto, za marehemu. Ukigusa D ya mtu wewe siyo fundi, ni mchawi."

"Na humu D ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, ila haikuwa na jina. Kubwa tu, Windows yenyewe haikuweza kuisoma. Nikafuta vile vipande vidogovidogo vya mbele, nikafuta na C, nikapiga windo. Ile kubwa nikaiacha. Nikamwambia mama, picha zako kama zipo, zitakuwa humo, mimi nimeshindwa kuzifungua. Kesho yake dereva wa Bosi wake akaja kuichukua laptopu."

Nilitamani kumkumbatia, kofia yake na jasho lake vyote. Kile kisehemu kidogo cha mbele alichokifuta ndicho kilichokuwa na menyu ya Davis, ile inayouliza uingie upande gani. Windows mpya ikajitengenezea kisehemu kingine, ikajiandika peke yake kwenye orodha. Mlango ndio uliobomolewa, nyumba ilikuwa bado imesimama, na kila kilichokuwa ndani kimo.

Sasa kwa nini bawabu wangu hakuiona? Kwa sababu na yeye, kama Windows, hakujua kusoma kipande cha namna ile. Anahitaji draiva, kijifaili kidogo cha kumfundisha. Mimi nilipoitengeneza flashi sikumwekea, nikijua nitakutana na Windows tu mikoa yote hii. Nikafungua kompyuta yangu juu ya kaunta ya Doto, nikachukua draiva ya vipande vya Linux, nikaitia kwenye folda ya bawabu, nikairudisha flashi kwenye laptopu ya mende. Nikawasha.

Dirisha la Windows likatokea. Kisha pembeni yake, pengwini, nembo ya Linux.

"Haa!" Doto aliruka kutoka kwenye kiti. "Kumbe mlikuwa na mwenyewe humo!"

Nikachagua pengwini. Maandishi meupe yakateremka kwenye skrini nyeusi, kisha ukurasa wa kuingia ukafunguka na jina la Davis juu yake. Neno la siri alikuwa amenipa mwenyewe. Ramani zilikuwepo, zimepangwa duara kwa duara, na juu ya ukuta wa kaskazini alikuwa ameweka rangi nyekundu na kuandika: MAJI, USICHIMBE. Chini yake kulikuwa na video.

Nilimwambia Doto afunge mlango.

Video ilianza na ukuta. Mwanga wa tochi ulikuwa unatembea juu ya mwamba, na mwamba ulikuwa unatoka jasho. Kijana mmoja kifua wazi alikuwa ameshika ncha ya utepe wa kupimia, meno yote nje. "Nishike hapa, Davis, au niteremke?" "Hapo hapo, Masalu, usisogee." Kisha kamera ikageuka, uso wa Gregory ukajaa skrini, njiti mdomoni kama kawaida. Davis alikuwa anamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba nyuma ya ukuta ule kuna maji, mita hazifiki mbili, wasimamishe.

"Wewe kazi yako kupima, siyo kuogopa," Gregory alijibu. "Mshipa wa dhahabu umeelekea huko. Kesho wapige. Maji yakija, watakimbia, wana miguu."

Nyuma yake Masalu alicheka, akidhani ni utani wa bosi.

Nilitoka nje ya kibanda, nikatema mate. Nikarudi, nikapiga simu Shinyanga kwa mwenzangu Inspekta Ayubu. "Gregory yuko hotelini," nilimwambia. "Mchukue sasa hivi. Na uvae glavu." Halafu nikamwomba Doto anionyeshe kwa Mama Masalu. Ni nyuma tu ya mashine ya kukoboa, akasema.

Mbuke alikuwa anapepeta mahindi uani. Uso ulikuwa umemwingia ndani tangu nilipomwona Masumbwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa polisi. Mmeshamfunga?"

"Bado, mama. Kuna jambo nataka uniambie kwanza. Laptopu uliyompelekea Doto, nani alikupa?"

Hakusitasita hata kidogo, na hapo nikajua hana hatia. "Bosi. Alinipa mwenyewe wakati tunapakia maiti. Alisema, 'Mama Masalu, humu mna picha za mwanao, alizopigwa kule duarani. Ila mashine imeganda. Ukifika kwenu Tinde mpe fundi apige windo, picha zitatoka, utakuwa na ukumbusho.' Nikamshukuru sana. Nilimpigia na magoti."

"Ilisafirije?"

"Kwenye gari la maiti, na mimi."

Wapo askari njiani kutoka Masumbwe hadi Tinde, na siku zile walikuwa wameambiwa waangalie magari yanayotoka mgodini kwa Gregory, ili vielelezo visitoroshwe. Lakini nani anasimamisha gari la maiti? Nani anapekua mapajani kwa mama aliyefiwa? Unavua kofia, unainamisha kichwa, unalipisha. Gregory alilijua hilo. Alichukua msiba alioutengeneza mwenyewe akaupakia mzigo wake. Nimeshika wezi, wabakaji, na watu waliokata viungo vya watoto, na bado nilikuwa sijakutana na uchafu wa aina hii.

"Mama," nilimwambia, "picha zimepatikana. Lakini ukiziona utaumia."

"Nimeshaumia. Lete."

Niliiweka laptopu juu ya kinu kilichopinduliwa. Alitazama mwanawe akitabasamu, ameshika utepe. "Ng'wanone," alisema kwa sauti ndogo, mwanangu, na akanyoosha kidole kugusa. Halafu Gregory akaja, akasema yale aliyoyasema. Mbuke alisikiliza hadi mwisho. Aliniomba nirudishe, nikarudisha. Akasikiliza tena pale pa 'wana miguu'.

"Na huyu anayemwambia wasimamishe," aliuliza, "ndiye Davis?"

"Ndiye."

"Niliyemlaani."

"Hukujua, mama."

"Niliibeba mwenyewe." Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia laptopu. "Jeneza lilikuwa miguuni pangu, hii nimeipakata. Barabara mbovu, nikawa naikumbatia isigongwe. Nikamwambia na dereva apunguze mwendo, mwanangu yumo. Nilimpelekea Doto amfute."

"Ulimwambia asifute picha za mwanao," nilimwambia. "Ndiyo maana zipo. Bila neno lako hilo kesho nisingekuwa na kitu cha kumpelekea hakimu."

Alichukua pindo la kanga yake, akalilowesha kwa mate, akaanza kufuta mafuta ya vidole vya Gregory kwenye skrini. Alifuta kioo chote, pembe kwa pembe, akahamia kwenye vibonye. Mende akatoka. Akamponda kwa kidole gumba, akaendelea.

"Davis anasimama kwa hakimu kesho?" aliuliza.

"Kesho asubuhi. Nakuhitaji uje uandikishe maelezo leo, na kesho uwepo."

Aliingia ndani, akatoka na kanga nyingine begani na ndala miguuni. Nilipoanza kuitia laptopu kwenye mkoba alinishika mkono.

"Hiyo nipe mimi."

Ushahidi haukabidhiwi raia, hilo kila askari analijua. Lakini diski yenyewe ilikuwa Shinyanga kabatini kwangu, chini ya lakiri, na saini ya Gregory mwenyewe juu yake. Iliyokuwa mkononi mwangu ni nakala. Nikampa.

Aliketi kiti cha nyuma, akaiweka mapajani, akaizungushia mikono yote miwili. Nilimwambia dereva aende taratibu. Harufu ya dagaa ilijaa gari zima hadi Shinyanga, na hakuna aliyeteremsha kioo.